Nashville, Motown au Memphis? Jina lipi utumie unapoandika habari za muziki

Hii ni kwa nyie mnaoandika bayo za wasanii, kapsheni za nyimbo za zamani, skripti za vipindi vya redio vya Jumapili, na watafsiri mnaokutana na neno Nashville kwenye sentensi ya Kiingereza mnaliacha hivyo hivyo mnasonga mbele. Nashville ni mji, sawa, tena ndio mji mkuu wa jimbo la Tennessee kule Marekani, uko kando ya mto Cumberland, lakini Mmarekani akilitaja kwenye stori za muziki mara nyingi wala haongelei mji. Motown nayo ina mambo yake, Memphis nayo ina yake, na ukiweka moja mahali pa lingine msomaji anayejua muziki anakushtukia hapo hapo.

Jambo lenyewe kwetu sio geni. Bongo ilikuwa Dar, ikawa Tanzania nzima, halafu ikatiwa Fleva ikawa muziki, na leo msanii wa Bongo Fleva anaweza kuwa yuko Mwanza na Dar anakwenda kushuti video tu. Kwa hiyo siwaelezi jinsi jina la mji linavyotoka kwenye ramani, hilo mnalijua, ninachotaka kuonyesha ni kwamba haya majina matatu ya Kimarekani hayakutoka kwa mlango mmoja: Nashville limegeuka kuwa jina la wakubwa, Motown lilizaliwa kama jina la kampuni likageuka kuwa mtindo, na Memphis bado lina udongo wa mahali penyewe. Ukishika hayo nusu ya kazi ya kuchagua imekwisha.

Nashville, yaani wakubwa wa kantri

Ndani ya jina lenyewe hakuna muziki hata chembe. Kulikuwa na jenerali mmoja wa vita vya uhuru vya Marekani, Francis Nash, alijeruhiwa vitani mwaka 1777 akafa, na walowezi waliojenga ngome pale mwaka 1779 wakaipa jina lake, Fort Nashborough, mwaka 1784 likawa Nashville. Muziki ulikuja baadaye sana, na ulikuja kwa kupitia bima! Kampuni ya bima ilifungua kituo cha redio kinaitwa WSM mwaka 1925, mwaka huo huo kikaanza kipindi cha Jumamosi usiku cha muziki wa mashambani, ndio kantri yenyewe, na mwaka 1927 kipindi kikapata jina la Grand Ole Opry ambalo mpaka leo lipo. Mmoja wa mastaa wake wa mwanzo alikuwa DeFord Bailey, mtu mweusi mpiga kinanda cha mdomo, jina ambalo wanaosema kantri ni ya wazungu tu huwa hawalijui. Opry ikakaa ukumbi wa Ryman kuanzia 1943 mpaka 1974, wanamuziki wakawa wanahamia mjini ili wawe karibu na redio, studio zikawafuata wanamuziki, na miaka ya hamsini katikati ikaanza kujengeka mitaa ya Music Row, pale 16th na 17th Avenue, nyumba za kuishi zikageuzwa ofisi za kampuni za rekodi na za haki za nyimbo.

Hapo ndipo jina lilipobadilika tabia, kwa sababu maamuzi yote ya kantri yakawa yanafanyika kwenye mitaa miwili mitatu, sasa badala ya kutaja kampuni hii na ile na chama fulani watu wakawa wanasema tu "Nashville". Angalia mfano wa karibuni: 2024 Beyoncé alitoa albamu yake ya kantri ikashika namba moja, tuzo za CMA, zile za chama cha muziki wa kantri, zilipotangaza wateule mwaka ule jina lake halikuwemo hata mara moja, na lawama zikaenda kwa Nashville. Sio kwa meya wala kwa wauza kuku wa pilipili wa mjini (kuku wao maarufu kweli, ila tuyaache), ni kwa wale wapiga kura na wenye kampuni. Kisha Februari 2025 akachukua Grammy ya albamu bora ya kantri na albamu ya mwaka, na Grammy haipigiwi kura na Nashville. Ukitafsiri habari hiyo ukaandika "mji wa Nashville umemnyima Beyoncé tuzo" umeshachemka, andika "wakubwa wa kantri" au "wenye kantri yao kule Nashville" na kila mtu ataelewa.

Halafu kuna "kuhamia Nashville" na "kuiacha Nashville". Dolly Parton alimaliza shule 1964 akapanda basi kesho yake, huyo alihamia kweli kwa maana ya mabegi. Ila Taylor Swift alipotoa albamu ya pop kamili mwaka 2014 ikasemwa ameiacha Nashville, na maana yake ni ameacha soko la kantri na redio zake, hata kama bado ana nyumba pale. Kwa hiyo ukikuta kitenzi cha kuondoka jiulize kwanza, ameondoka mtu au imeondoka biashara?

Sasa tuje nyumbani kidogo maana kuna kosa naliona sana. Jim Reeves, Don Williams na Kenny Rogers, hawa watatu ambao Kenya wanapigwa mpaka kwenye matatu na kwenye misiba na kwenye baa za mlimani, wote watatu ni watu wa Texas. Hakuna hata mmoja aliyezaliwa Nashville. Lakini ukisema ni "wasanii wa Nashville" kwa Kiingereza hujakosea, kwa sababu neno halihusu kuzaliwa, linahusu nani alikurekodi na nani alikuuza. Ukiandika kwa Kiswahili "mzaliwa wa Nashville" ndio umeharibu. Nimeiona hiyo mara kadhaa kwenye kurasa za burudani, mtu ametafsiri kutoka Kiingereza haraka haraka.

Jim Reeves tena anatusaidia kwenye matumizi mengine, "Nashville sound". Hii sio sauti yoyote inayotoka Nashville, ni mtindo maalumu wa mwisho wa miaka ya hamsini na sitini mwanzoni, wakati rock and roll ilikuwa inakula wateja wa kantri, maprodyuza kama Chet Atkins na Owen Bradley wakaamua kuondoa fidla na gitaa la stili linalolia, wakaweka violini laini na waitikiaji wa kwaya nyuma. Sikiliza Reeves anavyoimba: kashusha sauti chini kabisa, mdomo uko karibu kugusa maiki, hasukumi neno hata moja, nyuma piano inadondosha nota moja moja na waitikiaji wanavuta "uuuu". Ndiyo hiyo. Alikufa 1964 kwa ajali ya ndege ndogo aliyokuwa anairusha mwenyewe, karibu na Nashville, na huo mtindo ukabaki na jina la mji. Wakongwe wa kantri waliuchukia, kwao "imekaa kiNashville" ilikuwa tusi, kwamba imepigwa pasi mno, na tusi hilo bado lipo. Ndio maana kuna watu walijitenga makusudi, Bakersfield kule California na akina Buck Owens na Merle Haggard, na Willie Nelson aliyerudi zake Texas miaka ya sabini mwanzoni.

Kwa wapiga vyombo kuna matumizi ya tatu, na haya hayana tusi. "Nashville number" ni namna ya kuandika kodi za gitaa (sio za nyumba jamani) kwa namba badala ya herufi. Wimbo uko kwenye G, basi G ni 1, C ni 4, D ni 5, unaandika 1 1 4 5 kwenye karatasi unagawa, mwimbaji akifika akasema koo leo halipandi tushushe mpaka E hakuna anayefuta kitu, namba ni zile zile, 1 sasa ni E. Wapigaji wa kanisani wa kwetu wengi wanafanya kitu hicho hicho bila kujua kina jina la mji. Ukitafsiri hapa liache jina lilivyo, maana ni jina la mfumo.

Halafu ubaya wa hili neno: linaficha mji. Mpiga gitaa wa rock Jimi Hendrix aliishi Nashville miaka ya sitini mwanzoni akipiga kwenye klabu za Jefferson Street, mtaa wa watu weusi, kabla barabara kuu ya Interstate 40 haijaupasua mtaa huo. Chuo cha Fisk kipo pale, waimbaji wake wa Fisk Jubilee walianza ziara 1871 kutafuta hela za kuokoa chuo, 1873 wakaimba mbele ya Malkia Victoria, kantri haijazaliwa bado. Bob Dylan kaenda kurekodi pale 1966. Vyote hivyo ni vya Nashville mji, na havimo kwenye "Nashville" lile la maongezi. Kwa hiyo ukiandika habari za Hendrix sema "jijini Nashville", usiseme tu "alitokea Nashville", msomaji atadhani alianza na kofia ya mchunga ng'ombe.

Motown, yaani lebo kwanza

Hili lilianza kama jina la kampuni moja kwa moja. Berry Gordy, aliyekuwa amefanya kazi kiwandani kwenye laini ya kuunganisha magari, alikopa dola 800 kwenye mfuko wa familia yao akaanzisha lebo Detroit mwaka 1959. Detroit ni mji wa magari, Motor Town, ukibana linakuwa Motown, na kampuni ikasajiliwa kwa jina hilo 1960. Kinyume cha Nashville kabisa: kule mji ulikuwepo ukaazimisha jina kwa tasnia, huku kampuni iliunda jina na baadaye mji ukaliazima, mpaka leo kwenye habari za michezo utakuta Motown ikimaanisha Detroit tu, hakuna muziki hapo.

Kwa hiyo Motown ina maana tatu na zote zinatumika kila siku: lebo, mji, na mtindo. Ya mtindo ndiyo yenye mitego. Amy Winehouse albamu yake ya 2006 watu waliiita ya kiMotown, na bendi iliyompigia nyimbo kadhaa ilikuwa ya Brooklyn, New York, haikurekodiwa Detroit wala haikutoka kwenye lebo ya Gordy. Hapo Motown maana yake ngoma imepigwa kwa kugonga kila pigo, tamborini inacheka, besi inatembea, waitikiaji wanajibu. Sawa, tumia. Lakini ukisema "nyota wa Motown" umeshahamia kwenye lebo, na hapo lazima uhakikishe mkataba ulikuwepo.

Nikupe kesi ambayo inawaangusha wengi, Aretha Franklin. Amezaliwa Memphis 1942, amekulia Detroit kwenye kanisa la baba yake, ni mweusi, anaimba soul, miaka ya sitini, kila dalili inasema Motown. Hakuwahi kuwa Motown. Alikuwa Columbia akaenda Atlantic, na rekodi iliyomlipua 1967 ilianzia studio ya Alabama. Kwa upande wa pili Marvin Gaye ni mtoto wa Washington, Michael Jackson na kaka zake wametoka Gary, Indiana, hao ndio Motown halisi, na kampuni yenyewe ilihamia Los Angeles 1972 ikaendelea kujiita hivyo hivyo. Kwa hiyo swali la Motown halijibiwi na cheti cha kuzaliwa, linajibiwa na karatasi ya katikati ya santuri. Iangalie, imeandikwa Tamla au Motown au Gordy, au lebo nyingine ya kampuni hiyo? Basi. Haijaandikwa, sema "soul ya Detroit" au "soul ya miaka ya sitini" ulale usingizi.

Na usiandike "anaishi Motown", hakuna mtu anaishi huko labda kwa utani.

Memphis, yaani mahali penyewe

Memphis iko jimbo lile lile la Tennessee, upande wa magharibi kando ya mto Mississippi, kutoka Nashville ni kama saa tatu za gari, jina wamelichukua kwa ule mji wa kale wa Misri. Kwa nini haikuwa kama Nashville? Mimi naona ni kwa sababu Memphis haikuwahi kuwa na ofisi kubwa, ilikuwa na vichumba vya kurekodia. Sun, kichumba cha Sam Phillips pale 706 Union Avenue, Elvis Presley akarekodi 1954. Stax, jumba la sinema la zamani kwenye McLemore Avenue, bendi ya ndani Booker T. & the M.G.'s weusi na weupe wamekaa pamoja wakati ambao mitaani ilikuwa haiwezekani. Hi Records, alikorekodi Al Green. Beale Street na bluzi zake, ambako B.B. King alipata hizo herufi mbili za jina, kutoka kwenye Blues Boy akiwa mtangazaji wa redio WDIA.

Sasa kinachonifurahisha ni mabango. Gordy alikuwa ameandika mbele ya nyumba yake ya Detroit "Hitsville U.S.A.", yaani hapa ndio kijiji cha hiti. Wa Stax wakachukua kibao cha mbele ya sinema yao, pale palipokuwa panawekwa majina ya filamu, wakaweka "Soulsville U.S.A.", kijiji cha soul, na soul kwa Kiingereza ni roho. Nyie tengenezeni hiti, sisi tunayo roho. Ukiwa na nyimbo mbili, moja ya kila bango, ukazipiga mfululizo unasikia mpaka nani alilipwa kusafisha: ya Detroit imenyooshwa kila mahali, ya Memphis tarumbeta zinaingia nzito na ngoma inachelewa kidogo nyuma ya pigo, makusudi.

Kwa hiyo kwenye Kiingereza Memphis linakaa kama kivumishi cha ladha, Memphis soul, Memphis bluzi, hata nyama choma yao, na karibu kila mara linabaki na mahali. Huwezi kusema "Memphis imekataa albamu yake", haina ofisi ya kukataa. Na ujue msomaji wako ni nani, kijana wa sasa ukimwambia Memphis anafikiria rap, Three 6 Mafia waliochukua Oscar 2006, na hizo biti za phonk za kwenye TikTok zimechota humo humo. Mzee anafikiria Otis Redding. Na Mmarekani yeyote mtu mzima anafikiria pia tarehe 4 Aprili 1968, Martin Luther King alipouawa kwa risasi kwenye baraza ya Lorraine Motel. Kapsheni ya kuchangamka yenye neno Memphis ukiiweka wiki hiyo ya Aprili fikiria mara mbili.

Elvis ndio anachanganya mafaili. Kila mtu anamwita wa Memphis na ni sawa, nyumba yake ya Graceland iko huko na kaburi liko huko, lakini nyimbo zaidi ya 200 alizirekodi RCA Studio B, Nashville. Mtu wa Memphis, rekodi za Nashville. Ukiandika bayo yake tenga hivyo viwili, usichague kimoja.

Ukibanwa uchague haraka

Habari ya tuzo, mikataba, redio, lawama, nani kakubaliwa nani kakataliwa: Nashville, ila fafanua kwa Kiswahili ni kina nani. Wimbo laini wa kantri wenye violini: "Nashville sound" kama ni wa kipindi kile, wa 1985 usiuite hivyo. Lebo ya Gordy: Motown. Unachosikia kinafanana tu na Motown: sema kinafanana na Motown, maneno mawili matatu ya ziada hayaui. Bluzi, soul nzito, rap ya giza: Memphis. Hujui kabisa: taja aina ya muziki na mwaka, jina la mji achana nalo.

"Music City" hilo ni la utalii, ni jina la utani la Nashville tangu mtangazaji David Cobb alipolitumia hewani WSM mwaka 1950, na likiwa na herufi kubwa usilitafsiri "jiji la muziki" ukaishia hapo kwa sababu UNESCO nao wana cheo chao cha miji ya muziki, Brazzaville wamekipata 2013 na Kinshasa 2015, na hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa. Kinshasa ina karatasi, Nashville ina jina la utani. Msomaji wa Goma au Lubumbashi akikuta umeandika "jiji la muziki duniani ni Nashville" utajibu wewe.

Na wasanii wa kantri wa Kenya, akina Sir Elvis na wenzake, naona wanaandikiwa "Nashville ya Nairobi". Kwa niliyoyaeleza hapo juu hiyo inasema Nairobi ina wakubwa wanaoamua kantri ipi ipigwe, na haina, hawa jamaa wamejipambania wenyewe kwenye kumbi na mabaa. Waandikie kantri ya Kenya.